Kutoka Lamu mpaka Tallinn kwa meli: maswali yenu kuhusu pwani za kaskazini ya Ulaya

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba miji ya kaskazini ya Ulaya iliyo baharini imeunganishwa kwa meli za abiria, na kwamba mtu wa pwani yetu aweza kuizunguka hivo badala ya kupanda ndege kila baada ya siku mbili. Basi maswali yamemiminika, kutoka Lamu, Malindi, Watamu, hata Faza. Nimechagua yaliyobeba mambo, na yale madogo madogo nimeyakusanya mwisho.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi na mume wangu tuko Langoni, Lamu. Tumekuwa tukiweka pesa za safari na sasa zimefika, twataka wiki mbili mwezi wa saba. Nimeandika miji kwenye karatasi: Copenhagen, Oslo, Bergen, Gothenburg, Stockholm, Helsinki, Tallinn, Riga na Gdańsk. Yote iko baharini na nimesikia yote ina meli. Mume wangu asema haiwezekani, mimi nasema yawezekana. Tuamulie. (Bibi wa Langoni)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Hapa mumeo ana haki. Miji tisa kwa wiki mbili, ukitoa siku za kutoka Manda mpaka Nairobi mpaka Ulaya na za kurudi, kila mji hupati hata siku mbili kamili, na mtakachokiona ni terminali, vituo vya treni na mlango wa hoteli basi. Kateni, tena bila huruma, manake raha kubwa ya safari hii ni yale maji yaliyo katikati ya miji na maji yanataka muda.

Kwanza muelewe meli zenyewe. Sahauni feri ya Likoni ya kusimama dakika chache ukashuka. Hizi za usiku ni majumba, ghorofa tisa kumi, magari na malori yanaingia tumboni chini, juu kuna vyumba vya kulala kila kimoja na choo na bafu lake, mikahawa, maduka, pahala pa watoto kucheza. Unapanda jioni, unalala, unaamka mji mwengine. Kwa hivo tiketi ni nauli na kitanda pamoja, na kwa vile hoteli za Oslo na Stockholm ni ghali sana, kila usiku mnaolala baharini mmeokoa pesa ya hoteli. Kebini isiyo na dirisha ndio ya bei nafuu, na mara nyingi bei ni ya kebini nzima wala si ya kichwa, kwa hivo wanne wakikaa pamoja kila mmoja alipa kidogo kuliko wakiwa wawili.

Mimi ningepanga hivi. Mfikie Copenhagen kwa ndege, mtabadilisha Addis, Istanbul ama Doha, tazameni ipi ina bei nzuri, mkae siku tatu. Kutoka hapo kuna meli ya usiku kwenda Oslo, inaondoka alasiri inafika asubuhi, na nawaomba sana muamke mapema siku hiyo kwa sababu Oslo iko ndani kabisa ya ghuba yenye urefu wa kama kilomita 100, meli inaingia polepole katikati ya misitu na vijumba vya mbao vilivyokaa juu ya mawe, na ukilala mpaka ukaitwa ushuke basi umepitwa na nusu ya ulichokilipia. Oslo siku mbili. Kisha treni mpaka Stockholm, masaa matano sita, hapo mwapumzika na bahari kidogo. Stockholm siku tatu, mji wenyewe umejengwa juu ya visiwa kumi na vinne.

Na hapa ndipo nitakapowashikilia. Kutoka Stockholm watu wengi wachukua meli ya usiku moja kwa moja mpaka Helsinki, inaondoka kama saa kumi na moja jioni na kufika kama saa nne asubuhi, ni nzuri, sina neno nayo, lakini nyinyi chukueni ile ya mchana kwenda Turku. Inaondoka asubuhi mapema na kufika Ufini jioni, na karibu siku nzima mnapita kati ya visiwa, maelfu kwa maelfu, vyengine vina nyumba moja na mashua moja, vyengine ni jiwe tupu limekaliwa na ndege. Aliyewahi kupita njia ya maji ya Mkanda kwenda Pate akaona vile nahodha anavyopinda kufuata maji yenye kina ataelewa, ila huku chombo ni cha ghorofa kumi na kinapinda vivyo hivyo, na visiwa viko karibu mpaka wamuona mtu akinywa chai barazani kwake. Jambo jengine mtakaloliona haraka nyinyi kuliko wageni wengine: bahari ya Baltiki haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Sisi hapa maisha yetu ni bamvua na maji mafu, mtu haendi popote bila kuuliza maji yako vipi, huko maji yako pale pale asubuhi na jioni na ndio maana gati za mbao na vibanda vya mashua vimejengwa usawa wa maji kabisa. Mimi hilo lilinishangaza kuliko majumba ya wafalme yote.

Turku mpaka Helsinki ni treni ya masaa mawili hivi. Helsinki mpaka Tallinn ni kilomita 80 tu za bahari, masaa mawili ama mawili na nusu, meli ni nyingi kwa siku na hamhitaji kebini. Tallinn msiikate hata mkibanwa. Mji wake wa kale uliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1997, wetu wa Lamu mwaka 2001, na mtu aliyekulia kwenye vichochoro vya Mkomani atatembea mle akihisi kuna kitu akijua, kuta nene, nyumba za wafanyabiashara zilizo na ghala zao juu, bahari karibu. Ulikuwa mmoja wa miji ya Hansa, ule umoja wa miji ya biashara uliokuwa ukiongozwa na Lübeck, mji wa Ujerumani, pamoja na kina Visby na Riga na kituo chao kule Bergen, wakiuziana samaki mkavu wa Norwe, chumvi, nafaka, nta na ngozi za manyoya, kwa karne nyingi, mpaka mkutano wao mkuu wa mwisho mwaka 1669. Na miaka hiyo hiyo Pate, Lamu, Malindi, Mombasa na Kilwa wako upande huu na biashara yao, kila mji na watawala wake lakini wote wakijuana kwa bahari. Mimi nataka watu wetu wengi waende wakaone hilo kwa macho yao, manake tunaposoma historia ya Ulaya tunasoma wafalme na vita tu, hii ya miji ya bahari hatuambiwi.

Sasa miji ya kukata. Bergen ni nzuri lakini ni treni ya kama masaa saba kutoka Oslo, na ile meli ya pwani ya Norwe inayotoka Bergen mpaka Kirkenes, iliyoanza mwaka 1893, ni safari ya peke yake, siku kumi na mbili kwenda na kurudi, iwekeni mwaka mwengine. Gdańsk inaunganishwa kwa meli na Nynäshamn, kusini ya Stockholm, masaa kama kumi na nane, itawavuta upande mwengine kabisa. Gothenburg iacheni. Riga ni basi la masaa manne na nusu hivi kutoka Tallinn, siku zikibaki nendeni. Na msirudi Copenhagen, kateni tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwengine.

Mwezi wa saba Waswidi na Wafini wenyewe wako likizo, meli zinajaa na bei inapanda, mkiweza sogezeni mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Wikendi ya sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, inayoangukia kati ya tarehe 19 na 26 mwezi wa sita, epukeni kabisa, maduka yanafungwa na mji mzima unahamia visiwani.

SWALI: Mimi kijana wa Maweni, Malindi, nafanya kazi hotelini. Kuna wageni wa Norwe tumekuwa marafiki, wamenialika kwao, nataka nikae nao halafu nizunguke kwa meli Uswidi, Ufini na Estonia. Je, natafuta viza nne? Na kuna mtu hapa mjini asema nimpe pesa anihakikishie viza. (Kijana wa Maweni)

JIBU: Viza ni moja tu mdogo wangu, ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Norwe haiko kwenye Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, kwa hivo viza hiyo moja yakutembeza nchi zote nne na Denmark pia, na itakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukikaa Norwe siku nane na kwengine siku tatu tatu basi ni Norwe. Siku zikilingana ni nchi utakayoingilia kwanza. Hili watu wanalikosea sana, mtu aona ubalozi fulani una nafasi ya karibu aomba huko, halafu karatasi zake zaonesha atakaa nchi nyengine, akanyimwa. Norwe, Uswidi, Denmark na Ufini wote wana ubalozi Nairobi.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, tangu mwezi wa sita 2024, na ukinyimwa hairudi. Waweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na isipite siku 15 kabla, jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 lakini laweza kuvutwa mpaka 45, kwa hivo usingoje. Utahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000 inayofanya kazi nchi zote za Schengen, pasipoti iliyo na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko na kurasa mbili tupu, taarifa za benki, barua ya mwajiri wako kwamba una kazi na una likizo, na barua ya wenyeji wako. Barua ya mwajiri ichukulie uzito. Wanachotaka kujua kwanza ni kama utarudi, na kijana asiye na mke wala shamba kazi yake ndio ushahidi wake.

Meli: tafuta tiketi ya kubadilika ama kughairi, usilipe ile ya bei rahisi isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Na usivutwe na meli ya Amsterdam kwenda Newcastle, Uingereza ni viza nyengine kabisa. Visiwa vya Faroe pia, ingawa ni vya Denmark, haviko Schengen, na viza yako lazima itaje kwamba yafika huko.

Yule mtu wa mjini usimpe hata shilingi. Alama za vidole utazitoa mwenyewe, Nairobi, kwa mikono yako, na uamuzi ni wa ubalozi, hakuna mtu Malindi wala Nairobi anayeweza kukuhakikishia. Najua vijana waliouza pikipiki kwa ahadi za namna hii na inaniuma. Fomu yenyewe iko onlaini, ukikwama mahali niandikie.

SWALI: Mimi ni mama mtu mzima wa Shela. Binti yangu ameolewa Stockholm, ataka nimtembelee kisha anipeleke Tallinn kwa meli ya usiku. Mimi tangu feri ya Mtongwe ilipozama 1994, nilipofiwa na jamaa zangu, hata feri ya Likoni nikiweza kuiepuka naiepuka. Nimwambieje? (Mama wa Shela)

JIBU: Shikamoo mama. Pole, na Mungu awarehemu. Watu 272 walikufa Mtongwe siku ile ya tarehe 29 mwezi wa nne, na anayekwambia usahau hajui anachosema.

Mimi sitakuficha kitu, kwa sababu ukienda Stockholm utalisikia tu na ni bora ulisikie kwangu. Mwaka ule ule wa 1994, usiku wa tarehe 28 mwezi wa tisa, meli iliyoitwa Estonia ilizama ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, njia hiyo hiyo ya binti yako. Kulikuwa na dhoruba, lile pua la meli linalofunguka kuingiza magari likang'oka kwa mawimbi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na sitaha ile ni uwanja mtupu usio na kuta, maji yakishaingia yanakimbilia upande mmoja na meli inalala. Haikuchukua hata saa nzima. Watu 852 walikufa, 137 waliokoka. Stockholm kuna kumbukumbu ya majina yao karibu na makumbusho ya Vasa, na Tallinn pia ipo.

Lakini mama, nataka ujue yaliyofuata vilevile. Nchi za kaskazini hazikuacha. Mwaka 1996 zilikubaliana kwamba meli ya magari inayotumia bandari zao lazima ithibitishwe kuwa yaweza kubaki imesimama hata kama maji yameingia sitaha ya magari. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria kwamba kila abiria ahesabiwe kabla meli haijaondoka, na kwa safari inayozidi maili 20 za bahari majina yaandikwe. Ndio maana utaona wanakuuliza jina na mwaka wa kuzaliwa unapokata tiketi. Yule msongamano wa watu kuingia mpaka hakuna pa kukanyaga, hutauona. Meli yenye nafasi ya watu elfu mbili ikijaa inafunga mlango, wa elfu mbili na moja anangoja nyengine.

Kama moyo wako utakubali, mwambie binti yako aanze na kidogo. Hapo hapo Stockholm kuna kivuko cha kwenda Djurgården, dakika chache tu, mjini, tiketi yake ni ile ile ya basi. Panda mchana, kaa nje, tazama wafanyakazi wanavyofunga kamba na kuhesabu watu. Ukiona sawa ndio mpange Tallinn, iwe kiangazi bahari ikiwa tulivu, mwezi wa kumi na kumi na moja Baltiki ina dhoruba. Chukueni kebini ya katikati ya meli, inatikisika kidogo kuliko za mbele, na mkishaingia tu fuateni mishale mpaka kwenye kituo cha kukusanyikia ili mguu wako uijue njia. Na moyo ukikataa, ndege ya Stockholm mpaka Tallinn ni kama saa moja. Binti yako aelewe kwamba hukatai kumtembelea, unakataa chombo tu, na una haki.

SWALI: Niko Faza, nina watoto watatu na mke, twaenda kiangazi kijacho inshallah. Naulizia chakula cha halali melini, swala, na nasikia jua halizami. Pia nasikia meli hizo ni za ulevi. (Baba wa Faza)

JIBU: La ulevi ni kweli kiasi. Meli za Stockholm kwenda Helsinki na Turku zinasimama Åland, visiwa vya Ufini ambavyo viko nje ya eneo la kodi la Umoja wa Ulaya, na kwa kusimama pale meli inaruhusiwa kuuza pombe bila kodi, kwa hivo wako watu wanaopanda kwa ajili hiyo, hasa wikendi. Panda siku ya kazi. Omba kebini mbali na ghorofa ya muziki, ramani ya meli iko onlaini unaweza kuiona kabla ya kuchagua. Meli zenyewe ni za familia pia, watoto wako watafurahi mpaka walale wenyewe.

Chakula, usitegemee nyama ya halali melini. Samaki wapo tele, wa kuokwa, wa moshi, wa siki, na mezani huwa wameandika kila kitu kina nini, jifunze maneno ya nguruwe basi: fläsk kwa Kiswidi, sianliha kwa Kifini, sealiha kwa Kiestonia. Beba biskuti na matunda, lakini birika la umeme la kupikia chai liache, kebini haziruhusu vyombo vya kupikia. Mijini ni rahisi zaidi, Malmö, Stockholm na Oslo zina maduka na mikahawa ya halali mingi kwa sababu Waislamu ni wengi.

Jua linazama, ila kwa kuchelewa. Stockholm mwezi wa sita magharibi ni kama saa nne usiku na jua linachomoza kama saa tisa na nusu, na katikati hapo giza kamili halifiki, kwa hivo Isha na Alfajiri zinahitaji ratiba ya wenyeji. Misikiti ya huko ina ratiba yake iliyoamuliwa na wanachuoni wao, ifuate hiyo badala ya apu ya simu, manake apu mbili zitakupa saa mbili tofauti. Stockholm msikiti mkuu uko Södermalm, karibu na Medborgarplatsen, ulifunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililokuwa stesheni ya umeme, nenda Ijumaa. Kufupisha na kukusanya swala safarini muulize shehe wako kabla hamjaondoka, mimi si wa kutoa fatwa. Lakini la kibla nakwambia: dira ya simu ndani ya meli haiaminiki, chuma kinaivuta. Tazama ramani, ujue meli inaelekea wapi, kisha ukadirie kusini mashariki.

SWALI: Mimi fundi wa vyombo Matondoni, kazi ya baba na babu. Mteja mmoja ataka kunipeleka Uswidi, Denmark na Norwe, ameniuliza nataka kuona nini. Niambie vitu vya fundi, maduka sitaki. (Fundi, Matondoni)

JIBU: Fundi, barua yako ndio iliyonifurahisha kuliko zote. Mwambie akupeleke kwanza makumbusho ya Vasa, Stockholm, tena akupe siku nzima.

Vasa ni meli ya vita ya mfalme wa Uswidi, iliyoondoka mara ya kwanza tarehe 10 mwezi wa nane mwaka 1628, ikaenda kama mita 1,300, upepo ukaipiga, ikalala upande, madirisha ya mizinga ya chini yalikuwa wazi, maji yakaingia, ikazama pale pale mbele ya mji. Ikakaa chini miaka 333 mpaka ikainuliwa 1961. Sasa wewe utauliza, mbao gani hizo za kukaa majini miaka 333? Sisi tunapandisha chombo tukapaka deheni kwa sababu ya yule mdudu anayetoboa mbao. Baltiki chumvi yake ni chache mno, mdudu yule hawezi kuishi. Basi imeinuliwa nzima, kiasi cha asilimia 98 ya unachokiona ni mbao zile zile, na ili zisipasuke zikikauka waliinyunyizia dawa kwa miaka kumi na saba. Utasimama mbele ya chombo, si mfano wa chombo.

Na kosa lake utaliona kwa jicho la fundi kabla mtu hajakueleza. Mizinga 64, sitaha mbili za mizinga, juu kuzito, tumbo jembamba, nafasi ya mawe ya farumi, ya kuipa uzito chini, haikutosha. Watafiti wamekuta pia rula za mafundi humo ndani, mbili za futi ya Kiswidi ya inchi kumi na mbili na mbili za futi ya Amsterdam ya inchi kumi na moja. Mafundi wa chombo kimoja, vipimo viwili. Ukae nalo hilo.

Pili Roskilde, kilomita 30 hivi kutoka Copenhagen, treni inafika. Kuna vyombo vitano vya zamani za Waviking vilivyozamishwa makusudi karne ya 11 kuziba njia ya maji adui asipite, vikafukuliwa 1962. Hivi vilijengwa kwa kuanza na mbao za ubavu, kila mbao imelalia juu ya mwenzake na kupigwa misumari ya chuma, mataruma, zile mbavu za ndani, yakafuata baadaye. Wewe wajua mtepe wetu, mbao zilishonwa kwa kamba za nazi kwanza ndipo mataruma yakaingia. Wao kwa kalafati, kuziba nafasi kati ya mbao, walitumia sufi ya kondoo na lami ya msonobari. Pale kuna yadi ya mafundi wanaojenga vyombo hivyo upya kwa shoka na zana za kale, kimoja walikisafirisha mpaka Dublin mwaka 2007, na wanafanya kazi mbele ya wageni. Uangalie onlaini kabla ya kwenda ni sehemu gani ziko wazi. Ujenzi wa mashua za namna hii uliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, na mimi siku zote najiuliza kwa nini kazi ya mafundi wa Matondoni isipiganiwe vivyo hivyo.

Oslo, nenda Bygdøy ukaione Fram, iliyojengwa 1892 na Colin Archer kwa ajili ya barafu. Aliipa tumbo la mviringo ili barafu ikibana iisukume meli juu badala ya kuiponda. Waruhusu watu kuingia ndani, utagusa mbao. Jumba la meli za Waviking lililo karibu lilifungwa kwa ujenzi, uliza kwanza kama limeshafunguliwa.

Beba picha za vyombo ulivyounda, tangu mkuku mpaka foromali, na tezo na keke uviweke kwenye mzigo wa chini wa ndege. Mafundi wa Roskilde watataka kuviona.

MADOGO MADOGO. Pesa: Denmark, Norwe na Uswidi kila mmoja ana sarafu yake, Ufini na Estonia ni yuro. Msibebe noti nyingi, Uswidi maduka mengi hayapokei pesa taslimu kabisa, kadi ndio kila kitu, ya benki ama ile ya Visa ya M-Pesa kwa kukata tiketi onlaini.

Masaa: tiketi zimeandikwa kwa saa 24, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Kiangazi saa ya Helsinki na Tallinn ni sawa na ya kwetu, Stockholm, Oslo na Copenhagen wako nyuma kwa saa moja, na kwenye meli ya Uswidi kwenda Ufini uulize saa ya chakula ni ya nchi gani. Stockholm na Helsinki zina terminali zaidi ya moja, mfano Stockholm kuna Värtahamnen na kuna Stadsgården, ziko mbali, soma tiketi.

Nguo: hata mwezi wa saba usiku kwenye sitaha ni baridi ya jaketi. Umeme: plagi zao ni za miguu miwili ya mviringo, nunua adapta Nairobi. Waliouliza kuhusu vivuko vya bei nafuu: Copenhagen mabasi ya maji ya manjano, Helsinki kivuko cha Suomenlinna, Oslo vivuko vya visiwani, vyote vinatumia tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji. Na simu, meli ikishaacha gati weka hali ya ndege, manake ikishika mtandao wa setilaiti wa meli bili yake ni kubwa kuliko kebini, tumia waifai ya melini.